Kiwanja cha Kuni cha Mwembe Kuku

Mwanangu, nyinyi mliokua na mtungi wa gesi jikoni hamjui Mombasa ilivyokuwa ikila kuni. Sisemi makaa, makaa yalikuwa ya muuza kahawa na ya mama anayekaanga mahamri barazani asubuhi. Kuni zilikuwa za kazi kubwa: matanuri ya mikate, mofa, masufuria ya pilau ya harusi yasiyoinulika na watu wawili, na mawe ya matumbawe yaliyochomwa kuwa chokaa juu ya magogo yaliyowaka usiku kucha. Ukishuka kutoka Marikiti kuelekea Kibokoni kabla ya adhana ya alfajiri, pua ilikwambia tanuri la nani limewashwa na kwa mti gani. Mkandaa ulinuka chumvi kidogo, moto wake mkali na moshi wake haba, ndiyo maana waokaji waliulipia bila kusumbuana. Mwembe uliwaka upesi ukaisha upesi. Mkanju ulikuwa na utomvu wa kunata, ukimwingia mchanjaji mikononi hautoki mpaka aukwangue kwa mchanga. Mnazi hakuna aliyeutaka isipokuwa mchoma chokaa.

Mimi niliingia katika kazi hiyo kwa mlango wa kalamu. Nilikuwa nimemaliza darasa la saba na miaka miwili ya sekondari, karo ikakatika, na ami yangu akanipeleka kwa tajiri mmoja mwenye kiwanja cha boriti na kuni kule Mwembe Kuku niwe karani wake. Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya 1970. Jina la tajiri sitalitaja. Watoto wake wapo, na tunaamkiana msikitini. Mshahara wangu ulikuwa shilingi 180 kwa mwezi, na usicheke, kwa maana kikombe cha kahawa chungu kilikuwa peni, yaani senti kumi, na kwa thumni ulipata kahawa, kashata na bado una chenji mfukoni. Boriti zilikuja kwa jahazi kutoka Lamu, zikashushwa Bandari ya Kale zingali na tope la mikokoni, jeusi, lenye harufu ya yai lililooza, harufu ambayo mtu wa bara huikimbia na mimi hadi leo huiona tamu. Tulizihesabu kwa korja, ishirini ishirini, na kila unene ulikuwa na jina lake: fito, pau, mazio, boriti, nguzo. Zilizonyooka zilikwenda kwa wajenzi, na nyingine zilipakiwa katika majahazi ya Ghuba yaliyofika na kaskazi yakiwa na tende, mazulia na papa mkavu, yakangoja kusi yarudi kwao. Zilizopinda na zilizopasuka ndizo zilizokuwa kuni. Juu ya hizo tulinunua mabaki ya majahazi yaliyovunjwa, na boriti kuukuu za nyumba za mawe zilizobomolewa Mji wa Kale. Mti huo ulikuwa rahisi, mkavu, wenye joto zuri. Ulikuwa pia na misumari, na hiyo misumari nitairudia.

Kabla ya mashine tulikuwa na shoka, kabari na nyundo ya ratili kumi na nne. Wachanjaji wetu wengi walitoka Rabai na Kaloleni, wakilipwa kwa fungu, na waokaji walitaka kila kipande kiwe dhiraa moja, kutoka kiwiko hadi ncha ya kidole cha kati, ili kiingie tanurini bila kugonga ukuta wa nyuma. Basi mwisho wa 1973 vita vya Mashariki ya Kati vikapandisha bei ya mafuta duniani, na sisi huku Mwembe Kuku tukaziona athari zake kwenye chupa ya mafuta ya taa. Watu waliokuwa wamezoea stovu wakarudi mafigani. Tajiri alikuwa mtu wa kunusa biashara hata akiwa usingizini. Akanunua msumeno wa duara uliokwisha tumika katika kiwanda cha mbao huko bara, upana wake kama futi mbili, umefungwa katikati ya meza ya chuma na kuzungushwa kwa mkanda wa ngozi kutoka injini ya dizeli ya Lister. Meno yake yalikuwa wazi juu na chini. Kofia ya kuyafunika, kama iliwahi kuwapo, ilibaki hukohuko bara. Na mafunzo? Aliyeuleta aliwasha injini, akakata gogo moja mbele yetu, akanywa soda, akapanda lori lake akaenda zake.

Siku za mwanzo tulishangilia. Kazi ya asubuhi nzima ilimalizika kabla chai haijapoa. Unga wa mbao uliruka ukatufunika nyusi, na harufu ya mkandaa unaochomwa na meno ya moto ikawa kali, chungu, hata watu wa mtaa wakaja kusimama mlangoni kutazama. Kisha ukaja mwezi wa Shaabani, harusi zimeshikana, kila mtu ataka kuoza kabla ya mfungo. Aliyekuwa mezani ni mzee wa makamo, mtu wa Rabai, mchanjaji hodari kuliko wote, ambaye kwa shoka angeweza kupasua kipande ukakiona kama kimekatwa kwa kisu. Hodari wa shoka, lakini shoka unaliendesha wewe. Gogo la mviringo halitulii juu ya meza bapa. Meno yalilikamata, likajiviringisha, na mkono uliolishika ukalifuata. Hakupiga kelele. Alisimama akiutazama mkono wake kana kwamba ni wa mtu mwingine, na sisi tulijua kwa sababu unga wa mbao mezani ulibadilika rangi. Vidole viwili. Tukamfunga kwa kikoi chake mwenyewe, teksi ikampeleka Makadara hospitali.

Tajiri alihuzunika kweli, na nataka ulijue hilo, kwa sababu vijana wa leo mnapenda kila tajiri awe shetani. Alikwenda kumtazama, akampa shilingi 200, nusu gunia la mchele na nauli ya kurudi kwao, na watu wakasema amefanya wema. Nilipofungua vitabu vyangu jioni ile niliandika kuni zilizouzwa na dizeli iliyotumika, kwa sababu hivyo ndivyo vilivyokuwa na nafasi vitabuni. Vibarua hawakuwa na daftari. Mzee yule alikuwa amefanya kazi pale kabla yangu, na hapakuwa na karatasi hata moja yenye jina lake.

Mwaka uliofuata akaja mkaguzi wa viwanda. Mtu mwembamba, shati jeupe la mikono mifupi, mkoba wa ngozi kwapani na futi ya chuma iliyochomoza mfukoni. Tajiri akaagiza madafu. Mgeni akayanywa, akashukuru kwa adabu, akapangusa midomo kwa leso, kisha akaomba karatasi: cheti cha kusajiliwa kiwanda, daftari kuu la kiwanda, muhtasari wa sheria uliobandikwa mahali wafanyakazi wanapoweza kuusoma, daftari la ajali, na sanduku la huduma ya kwanza lenye mtu anayejua kulitumia. Hatukuwa na hata kimoja. “Lakini hapa si kiwanda, bwana,” tajiri akasema, “hapa ni kiwanja cha kuni.” Mkaguzi akaielekeza futi yake kwenye injini. “Ile ikizunguka na wewe umeajiri watu, hapa ni kiwanda.” Na ndivyo sheria ilivyokuwa. Sheria ya Viwanda, Sura ya 514, ilikuwa ikifanya kazi Kenya tangu 1951, na mwaka 1959 zikaongezwa kanuni maalumu za mashine za mbao, zilizofuata nyayo za kanuni ambazo Waingereza walijiwekea kwao tangu 1922 baada ya maseremala wao kupoteza vidole vya kutosha. Usiniulize kama bahasha ilitolewa. Ilitolewa, na ikarudishwa ikiwa nzito vilevile.

Halafu akapiga magoti. Hilo ndilo lililonifanya nimwamini: suruali yake ilikuwa na kunyanzi za pasi, naye akapiga magoti katika grisi na unga wa mbao, akapima. Alitaka kofia ya chuma juu ya msumeno, inayoshuka na kupanda kulingana na unene wa mti. Alitaka mabati pande zote mbili chini ya meza, kwa sababu mtu anayeinama kuokota kipande hukutana na meno asiyoyaona. Alitaka mkanda uzungushiwe uzio, sakafu isiteleze, na kijiti cha kusukumia kiwepo mezani kila wakati. Na alitaka kile ambacho sisi hatukuwahi hata kukisikia: kisu cha nyuma ya msumeno. Kisu hicho hakikati kitu. Ni bapa la chuma lililopinda kufuata mzunguko wa msumeno, husimama nyuma yake karibu kabisa na meno, umbali wa nusu inchi, na kazi yake ni kuingia katika ufa uliokwisha kukatwa ili mti usijifunge. Kwa maana mti mbichi ukijifunga huubana msumeno, na meno ya upande wa nyuma yanapanda juu. Yakiudaka mti uliobana huuinua na kuurusha moja kwa moja kifuani mwa aliyesimama mbele. Alituonyesha haya kwa kipande cha kadibodi na kalamu. Mwisho akasoma kanuni iliyosema kwamba mtu asiwekwe kwenye mashine ya aina hiyo kabla ya kufundishwa vya kutosha, isipokuwa anafanya kazi chini ya usimamizi wa mwenye kuijua barabara. “Nani hapa anaijua barabara?” akauliza. Tukatazamana. Akaandika amri yake, msumeno ukasimama, na tajiri akashinda siku nzima akihesabu hasara kwa tasbihi.

Hapo ndipo alipoletwa Fundi. Alikuwa Mbajuni, mtu mfupi mwenye mabega mapana na miwani iliyofungwa kwa uzi, amesomea useremala katika ile taasisi ya ufundi ya Waislamu tuliyoiita MIOME, iliyoanzishwa mwishoni mwa miaka ya 1940 kwa fedha za Sultani wa Zanzibar, Aga Khan, Mabohora na serikali ya kikoloni, na ambayo wewe unaijua kama Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa. Cheti chake cha mtihani wa ufundi, gredi ya kwanza, alikiweka ndani ya karatasi ya nailoni, na alikitoa mara moja tu, siku aliyokuja, akakirudisha. Vidole vyake vyote kumi vilikuwepo. Alivinyoosha mbele ya wachanjaji vikaonekana, na hilo lilikuwa somo la kwanza.

Somo la pili lilikuwa mavazi. Watu wetu walifanya kazi kwa kikoi na fulana, na kikoi kina ncha inayoning'inia. Fundi akaipitisha ncha ya kikoi chake mwenyewe karibu na mkanda, injini ikiwa inazunguka polepole, na kikoi kikapotea kiunoni mwake kabla hatujapepesa. Chini alikuwa amevaa kaptura, mjanja yule. Tangu siku hiyo kila mtu kaptura au suruali iliyobana, mikono ya shati imekunjwa juu ya kiwiko, pete na saa kwa karani. Kisha akawafundisha mashine ikiwa imezimwa. Siku nyingi ilizimwa, na tajiri akiguna ofisini. Walitaja kila kipande kwa jina, wakauzungusha msumeno kwa mkono waone jino linaingia wapi na linatokea wapi, wakajifunza kusimama ubavuni, si katika njia ya msumeno. Alipiga mstari mwekundu mezani kwa rangi iliyobaki ya kupaka majahazi: ng'ambo ya mstari huo ni kijiti tu kinachokwenda, kidole hakina ruhusa. Akachonga kilalio cha mbao chenye umbo la herufi V, gogo la mviringo likalazwa humo lisijiviringishe. Akaamuru watu wawili tu mezani, mkataji na mpokeaji, na mpokeaji angoje, apokee, asivute. Vipande vikikwama, injini izimwe kwanza na msumeno utulie kabisa. Msumeno unaozunguka baada ya injini kuzimwa una kiu ileile. Kwa ule mti wa majahazi, ganda na rangi vikwanguliwe kwa panga hadi madoa ya kutu yaonekane, na kila msumari ung'olewe kabla mti haujafika mezani. Na katikati ya kazi angepaza sauti ghafla, kwa Kimvita chake kilichochanganyika na Kibajuni: “Mato yako yako wapi?” Aliyegeuka kumtazama alitolewa mezani siku hiyo, akenda kupanga kuni. Jibu sahihi lilikuwa kutogeuka.

Ule muhtasari wa sheria uliletwa, karatasi kubwa ya Kiingereza yenye herufi ndogo kama mbegu za ufuta, ukabandikwa nyuma ya mlango kama sheria ilivyotaka. Hakuna hata mchanjaji mmoja aliyeweza kuusoma. Fundi alisoma Kiingereza cha kutosha na mimi pia, kwa hivyo Jumamosi baada ya malipo tuliketi juu ya magogo, tukausoma mstari kwa mstari na kuwageuzia kwa Kiswahili, nami nikaviandika vile vya maana kwenye karatasi za manila kwa wino wa buluu. Palikuwa na ubishi mzuri sana. Mmoja aliuliza: kama sheria inasema tajiri alete kinga, na tajiri hakuleta, je, mfanyakazi akikataa kukata atafukuzwa? Fundi akawa kimya kidogo, akasema, “Atafukuzwa. Lakini aondoke na vidole.” Tajiri alikuwa amesimama dirishani akisikiliza. Kofia ya msumeno ilikuwa imefika juma hilo kutoka kwa mhunzi wa Shimanzi, akailipia taslimu.

Sasa nije kwenye daftari, ambalo ndilo hasa lililonifanya nichukue kalamu. Mkaguzi aliporudi mara ya pili alisema mashine iko sawa, “lakini nitajuaje kwamba hawa wamefundishwa?” Akashauri iandikwe. Nikanunua daftari la jalada gumu katika duka moja la Barabara ya Digo, wazee bado wakiiita Salim, nikalipigia mistari: jina, kwao, tarehe ya kuanza kazi, tarehe ya kumaliza mafunzo, amefundishwa nini, nani amemfundisha, sahihi. Wasiojua kuandika waliweka dole gumba. Hapo ikawa kazi. Watu waliomwona mwenzao akikatwa vidole hawakuogopa msumeno nusu ya walivyoliogopa daftari. Walidhani wanatia sahihi deni, au kipande, kile cha wakati wa ukoloni ambacho baba zao walivalishwa shingoni ndani ya kijikebe cha bati. Siwezi kuwalaumu. Katika maisha yao yote karatasi haikuwahi kuja kwao kwa heri: ilikuja kudai kodi, kuhamisha watu shambani, au kuita mtu kotini. Ilibidi Fundi aweke dole lake la kwanza kabisa, ingawa sahihi yake ilikuwa nzuri kuliko yangu, ndipo wengine wakafuata, wakipangusa wino kwenye magome ya mkandaa.

Ukafika Agosti 1978. Ilikuwa Ramadhani, jua kali, watu wamefunga, na waokaji wamekwisha kuweka oda za sikukuu. Mzee Kenyatta alikuwa Mombasa, Ikulu ya pwani, na sisi tulilijua hilo kwa polisi waliojaa njiani na lori letu kuzuiwa kupita. Alhamisi moja alasiri, kijana wa Kaloleni aliyekuwa mmoja wa wanafunzi bora wa Fundi alikuwa akikata mbavu ya jahazi. Ilikuwa imekwanguliwa na misumari imeng'olewa, lakini mmoja ulikuwa umekatika ndani ya mti zamani za zamani, kichwa hakipo, doa la kutu limezibwa na lami. Msumeno ukaugonga. Sauti yake ilikuwa kama kengele iliyopasuka. Jino likaruka likagonga ndani ya kofia ya chuma na kuacha kibonyeo ambacho kingekuwa katika uso wa mtu. Mti ukaruka kidogo, kijiti kikateleza, na ncha ya dole gumba la kulia ikaenda. Ncha, mwanangu, si mkono. Mpokeaji alizima injini kama alivyofundishwa. Sanduku la huduma ya kwanza lilikuwa na bandeji safi. Nami, mkono ukitetemeka, niliandika katika daftari la ajali saa, mahali, sababu, na majina ya walioona, kisha nikaanza kujaza fomu ya L.D. 104 ya kudai fidia, karatasi ndefu yenye sehemu ya mwajiri na sehemu ya daktari.

Jumanne tarehe 22 Sauti ya Kenya ikatangaza kwamba Mzee amefariki, alfajiri ile, hapahapa Mombasa. Sitakusimulia zile siku, wengi wamezisimulia. Nitakwambia tu kwamba maduka ya Biashara Street yalifunga milango, watu walizungumza kwa kunong'ona hata nyumbani kwao, na fomu yangu ilikaa katika bahasha ya kahawia mpaka baada ya maziko ya tarehe 31. Nilipoipeleka ofisi ya leba, karani alikuwa na kitambaa cheusi mkononi. Majuma yakapita, akaja mtu wa kampuni ya bima, mwenye maneno laini, akasema kijana yule alikuwa kibarua wa kupita, si mfanyakazi wa kiwanja, na tena huenda hakuwa na ujuzi wa mashine, alijitia mwenyewe. Fundi hakumjibu. Alinitazama, nikaleta daftari. Jina lake lile, kwao Kaloleni, tarehe ya kuanza kazi, tarehe ya mafunzo, msumeno wa duara, misumari, kilalio, kijiti, na pembeni dole gumba la kulia, mistari yake yote imekamilika. Mtu wa bima akalitazama lile dole kwa muda mrefu. Sheria ya fidia ilikuwa na jedwali linalohesabu mwili kwa asilimia, kila kidole na kila pingili ina kiwango chake, gumba juu na cha mwisho chini. Wakahesabu pingili na mshahara, na fedha zikalipwa kupitia ofisi ya leba, zaidi ya shilingi 2,000. Kwenye stakabadhi walitaka dole gumba la kulia. Kijana akacheka, akawapa la kushoto. Alifungua kibanda kwao cha kuuza sabuni, chumvi na mafuta ya taa, na kiliendelea miaka mingi.

Habari za fedha hizo hazikukaa Mombasa. Yule mzee wa Rabai akaja kiwanjani asubuhi moja, amevaa shati lake zuri, mkono uliokatika vidole mfukoni. Hakuja kwa ugomvi. Alisema amesikia kuna karatasi ya vidole, na yeye ana viwili. Fundi akanituma nimpeleke ofisi ya leba, nikaenda naye kwa miguu. Walimsikiliza vizuri, wakamuuliza alianza kazi lini, aliumia tarehe gani, nani aliandika, iko wapi taarifa. Hospitali alikuwa na kadi ikapotea. Hakupata kitu. Nilimnunulia chai na mkate wa mofa Mwembe Tayari kabla ya basi lake kuondoka, akala kwa mkono wa kushoto, akaniuliza hali ya Fundi.

Kiwanja hakikudumu. Mwaka 1982 serikali ilipiga marufuku kuuza boriti za mikoko nchi za nje, majahazi ya Ghuba yalikuwa yameshapungua, gesi ikaingia majumbani, na tajiri akauza injini kwa mtu wa kinu cha unga. Msumeno ulinunuliwa na fundi wa chuma akautengeneza mapanga. Kuni zenyewe hazikwisha, zilihama tu. Siku hizi ni mvinje na mkanju kutoka mashamba ya bara ya pwani, na hata majani ya chai unayokunywa hukaushwa kwa kuni huko Kericho. Sheria nayo ilikua. Mwaka 1990 ikapanuliwa kutoka viwandani hadi mahali pengine pa kazi, na mwaka 2007 zikatungwa mbili mpya: ile ya Usalama na Afya Kazini, Nambari 15, na ile ya Mafao ya Majeraha ya Kazini, Nambari 13. Ni sheria nzuri. Nimezisoma zote, kwa miwani na kwa subira.

Lakini juzi nilipita Kisauni nikaona vijana wa rika lako wakipasua magogo kwa mashine mpya, inayosukuma kabari kwa nguvu ya mafuta. Wamevaa malapa, mmoja ana simu sikioni, kinga ya mashine imefunguliwa na kuwekwa kando eti inachelewesha kazi. Nikamuuliza mmoja kama ameandikwa popote. Akasema, “Mzee, sisi tunalipwa kwa M-Pesa.” Wewe ukienda kwenye kazi ya namna hiyo, na najua unaifikiria, usiguse mashine mpaka aliyeizoea akufundishe ikiwa imezimwa. Omba jina lako liandikwe siku ya kwanza, na siku uliyofundishwa, utie sahihi. Ukiumia, hata ukwaruzo, mwambie mwajiri siku hiyohiyo mbele ya watu, kwa kuwa sheria inamtaka apeleke taarifa kwa maandishi ndani ya siku saba, na dai la fidia lina miezi 12 tu. Piga picha ya ukurasa wenye jina lako, na nakala yake mpelekee mama yako aiweke sandukuni.